Mama wa Aminieli Yuko Sokoni

Shikamoo Baba,

Barua ulizonifundisha kuandika zote zilianza kwa kumjulia mtu hali. Hali yako naijua, kamba ya tatu ya kukushushia kaburini, upande wa miguu, niliishika mie. Kwa hiyo hapo turuke, nikupe habari za huku Mtoni.

Mie mzima, ila nimechoka. Siyo uchovu wa kubeba vitu, ule ukilala unaisha. Huu unaamka kabla yangu. Nikifumbua macho nakuta umeshavaa viatu unanisubiri mlangoni. Steshenari inaendelea. Mashine ya kopi bado inameza karatasi siku za joto, na watu bado wanasimama chini ya bango linalosema TUNATOA KOPI wananiuliza, "Braza, unatoa kopi?" Redio yako nimeiweka dukani. Inakamata stesheni moja tu, ya mahubiri, kwa hiyo wateja hawakai sana.

Nina la kuungama kuhusu wasifu wako. Unajua nusu ya marehemu wa Temeke wamepita kwenye kompyuta yangu. Wote walikuwa wacheshi, wapenda watu, wasiopenda makuu. Sijawahi kuchapa wasifu wa mgomvi, ingawa wagomvi nao wanakufa. Basi ilipofika zamu yako vidole vikagoma. Shangazi Ndeshi anapiga simu, gari la kwenda Marangu linawaka nje, na mie nimekodolea macho karatasi nyeupe. Nikafungua wasifu wa mzee mmoja wa Keko, nikabadilisha jina, kijiji na miaka, nikaprinti. Sentensi moja ikanipita. Mchungaji akasoma mbele ya ukoo mzima kwamba marehemu alikuwa mwimbaji hodari wa kwaya, sauti ya besi. Wewe, Baba, ambaye kanisani ulikuwa unafungua mdomo kwa heshima tu. Watu wakatikisa vichwa kwa masikitiko. Wakati wa chakula Shangazi akasema, "Ile besi yake ilikuwa inatetemesha madirisha." Ndivyo unavyojulikana huko juu Marangu sasa. Itabidi uzoee.

Lakini siyo besi iliyonikalisha hapa niandike. Nakuandikia kwa sababu mjukuu wako Nsia haongei na mie kama zamani. Hii ni wiki ya tatu. Ananiita muongo bila kulitamka neno, na mie nalijua hilo neno lilivyo mdomoni kwa mtoto, kwa sababu wa kwanza kulitumia katika nyumba hii ni mie, na niliyemtupia ni wewe.

Unakikumbuka kile kitabu kisicho na jalada?

Mzee Gulamu, bosi wako wa yadi ya makontena pale Kurasini, alipostaafu aliwagawia wafanyakazi vitu vya ofisini. Dereva akachukua feni. Mlinzi akachukua kiti cha kuzunguka. Wewe karani ukaomba boksi la vitabu, wenzako wakakucheka mpaka getini. Ndani ya boksi kulikuwa na riwaya moja ya Kiingereza iliyokwisha kupoteza jalada na kurasa za mwanzo, kwa hiyo hata jina lake hatukuwahi kulijua. Tulikuwa tunakiita Kitabu, kama vile vingine vyote ni maombi ya kazi.

Mama alikuwa na miezi miwili kaburini. Mie nilikuwa na miaka tisa na sijui Kiingereza zaidi ya gudi moning ticha. Basi kila Jumapili, tukitoka kanisani na kumaliza mtori wetu wa ndizi, unakaa kizingitini, mie nakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, na unanisomea sura moja. Macho yako yanapita kwenye Kiingereza, mdomoni kinatoka Kiswahili. Kitabu kilikuwa kinamhusu mvulana wa miaka kumi na mitatu anayekua huku akigundua kwamba wakubwa hawasemi wanachokijua. Jina lake la Kizungu ulilitupa siku ya kwanza, ukamwita Aminieli. Theluji ukaifanya ukungu wa Rombo. Mkate wao ukawa ugali. Nilikuwa nikienda na wewe Kurasini namtafuta kwa macho katikati ya malori.

Jumapili ya sura ya tisa naikumbuka. Ulinyamaza katikati ya sentensi. Ukafunua ukurasa, ukafunua mwingine, ukarudi nyuma. Nikakuuliza, "Baba, kimeisha?" Ukasema, "Hakijaisha. Vumbi limeniingia machoni." Halafu ukaendelea, sauti iko sawasawa kabisa: "Mama yake akachukua kikapu, akaenda sokoni."

Tangu siku ile yule mama hakutoka sokoni. Aminieli akirudi shule, mama yuko sokoni. Akiugua homa, mama katuma dawa kutoka sokoni. Nikikuuliza anarudi saa ngapi, unasema kuna foleni. Nilidhani masoko ya Wazungu yako mbali kama Dodoma. Lakini kila Jumapili kuna kitu kilikuwa kinafika nyumbani kwa Aminieli: shati la shule, kisu kidogo cha kuchongea penseli, chungwa moja limefungwa kwenye leso. Mama haonekani, vitu vinafika. Kwa hiyo sikuwa na wasiwasi naye.

Ishu ikawa Aminieli mwenyewe. Kitabuni kuanzia sura ya kumi kijana analia, hasemi na baba yake, anatoroka nyumbani, anazunguka mjini kama mbwa asiye na mwenyewe. Na wewe ulikuwa umeshamwondolea sababu ya kulia. Ukatafuta sababu nyingine, ukapata hesabu. Sura kumi na nne, Baba, Aminieli aliomboleza kwa sababu amefeli hesabu. Mwisho wa mwaka ule nilikuwa naogopa sehemu na desimali kuliko majini.

Nilipofika miaka kumi na minne nikachukua kamusi yako, nikakishusha Kitabu kutoka juu ya kabati, nikaanza kukisoma mwenyewe, neno moja moja, kama mtu anayechambua mchele wenye mawe. Nilifika sura ya tisa baada ya miezi. Neno la kufa kwa Kiingereza nilikuwa nalijua. Nililitafuta kwenye kamusi hata hivyo, nikitumaini lina maana nyingine.

Sijui kama umewahi kuelewa kilichonipata. Mie mwenyewe nimekielewa mwezi uliopita. Siyo kwamba mama wa Aminieli alikufa. Ni kwamba nilikuwa naye peke yangu kwa miaka mitano, na wewe muda wote huo unajua. Nikaanza kukagua kila mtu. Mwalimu anayesema fimbo inamuuma yeye zaidi. Mzee wa kanisa anayekemea pombe huku shingo yake inanukia mbege. Majirani waliotuletea vyakula wakati wa msiba wa Mama wakisema tuko pamoja, na sasa wakituona wanavuka barabara. Mie nikawa hakimu wa Mtoni nzima, mwenye chunusi.

Halafu ikaja kipaimara. Uliniwekea turubai pale mchangani, viti vyekundu vya kukodi, ndafu, mbuzi mzima wa kuokwa, imesimama mezani na majani mdomoni kama inataka kusema neno. Mwenye kipaza sauti akatangaza, "Na sasa mtoto wetu atatoa neno la shukrani kwa mzazi wake." Nikasimama na suti yenye mikono mirefu kuliko yangu. Nikasema, "Namshukuru baba yangu kwa kunidanganya miaka mitano. Mama wa Aminieli alikufa sura ya tisa."

Wageni wakatazamana. Mama mmoja wa umoja wa wanawake akamnong'oneza mwenzake, kipaza sauti kikadaka: "Aminieli ndo nani? Wamezika lini?" Mwingine akaanza kufungua pochi atoe rambirambi.

Wewe ukaja taratibu, ukachukua kipaza sauti mkononi mwangu, ukasema, "Mwanangu ameweza kusoma Kiingereza peke yake. Bwana asifiwe. Karibuni, ndafu inapoa."

Watu wakapiga makofi. Nilikuchukia kwa yale makofi kuliko kwa kile kitabu.

Yaliyofuata unayajua. Miezi minane ya shikamoo na marahaba basi. Shule nikaiacha kidato cha pili, nikashinda Kurasini nimekalia matairi na matingo, wale wasaidizi wa madereva wa malori, nikijiona mtu aliyeamka peke yake katika mji uliolala. Kila saa saba mchana ulitoka ofisini kwako na hotpoti, ukaiweka juu ya tairi la pembeni yangu, ukaondoka bila neno. Matingo wakawa wananitania, "Dogo, mama yako kapita." Ulisikia. Kesho yake ulileta tena.

Niliachana na matairi, nikakua, nikafungua steshenari, nikaoa, tukakaa na wewe. Tukawa watu wa adabu. Lakini lile jambo hatukuligusa mpaka siku moja kliniki, tuko kwenye benchi tunasubiri wakupime presha, na wewe ukasema bila kunitazama: "Mwaka ule nilikuwa nimeshazika mmoja. Wa pili sikumuweza."

Miaka yote ile, Baba, na ukachagua benchi la kliniki. Najua ulikuwa unanipa nafasi. Mie nikasema, "Hivi namba yetu wameshaita?"

Ndiyo sentensi inayonirudia nikifunga duka. Siyo ile ya kipaimara, ile ilikuwa ya mtoto. Hii nilikuwa na ndevu.

Sasa sikiliza nilichokifanya.

Ulikata roho Alhamisi. Nsia alikuwa bweni Morogoro, pepa za kidato cha nne zinaanza Jumatatu. Kikao kikakaa hapa sebuleni kabla hata sanduku halijapatikana, na jambo la kwanza Shangazi Ndeshi alilosema ni, "Mtoto asiambiwe mpaka aweke kalamu chini." Hakuna aliyebisha. Ndivyo tunavyofanya, ukoo gani hauna mtoto aliyezikiwa mtu akiwa kwenye mtihani? Mama Nsia aliniangalia. Nikasema sawa. Nilisema sawa haraka, kama mtu aliyepewa likizo, maana asipoambiwa yeye, kuna sehemu moja duniani ambako ulikuwa hujafa.

Tukakuzika Jumamosi kihambani kwetu Marangu, karibu na Mama. Jumapili saa tisa simu ya Matroni wa bweni ikaita. Niko migombani, viatu vina udongo wako. Nsia akauliza, "Mbona nasikia majogoo?" Nikasema jirani kaanza kufuga. "Babu?" Nikasema, "Amelala." Nikajipongeza, kwamba huo si uongo, hata kwenye msalaba wako wameandika hivyohivyo.

Jumapili ya pili niko dukani. "Babu anaendeleaje?" Mdomo ukajibu wenyewe: "Katoka kidogo, kaenda sokoni."

Nikakalia boksi la karatasi. Mwaka mzima ulikuwa huvuki kizingiti bila kushikwa mikono yote miwili. Na lile neno sikulichagua, Baba, nakuapia. Lilikuwa limekaa mdomoni miaka thelathini na kitu likisubiri zamu yake. Halafu Nsia akasema, "Haya. Akirudi mwambie namsalimu."

Jumapili ya tatu hakukuulizia kabisa. Aliuliza habari za paka.

Aliporudi tulikuwa tumempikia pilau. Nilikuwa na hotuba, nimeipanga kwa vipengele. Akaingia, akatazama pale dirishani ulipokuwa unakaa, akasema, "Kiti mmekihamisha."

"Nsia mwanangu, kaa kwanza."

"Nimekaa kwenye basi saa nne. Mlizika lini?"

Nikamtajia. Akahesabu kwa vidole. "Kabla ya pepa ya kwanza." Akachukua sahani, akaingia chumbani, na mlango akaufunga polepole. Bora angeubamiza. Tangu hapo kila asubuhi napata shikamoo isiyo na kosa hata moja. Mama yake anaongea naye, paka anaongea naye. Anashinda amelala akitazama dari. Nikipita mlangoni naona kisigino changu mwenyewe cha miaka kumi na mitano.

Sikujua la kufanya, nikafanya la kwako. Asubuhi moja nikakiweka Kitabu juu ya meza yake, nikaondoka bila neno. Unakumbuka alipokuwa na miaka saba ulimsimulia na yeye, Jumapili kwa Jumapili, kizingiti kilekile. Nilikuwa nasikiliza dirishani. Nilingoja sura ya tisa kama mtu anayengoja kupigwa sindano. Ukasema, "Mama yake akachukua kikapu." Mama Nsia alikuwa jikoni, mzima wa afya, hakuna aliyekulazimisha. Nikaondoka dirishani kimyakimya. Kwa hiyo na mie nilikuwa nimeshaingia kwenye uongo huo zamani.

Jumanne iliyopita, saa kumi jioni, akaja dukani. Akasimama upande wa wateja, nyuma ya mzee mmoja aliyeshika kitambulisho anataka kopi.

"Sura ya tisa mama anakufa."

"Ndiyo," nikasema.

"Babu alisema yuko sokoni."

"Alisema."

"Na wewe ukasema Babu yuko sokoni."

Yule mzee akageuka huku na huku. "Sasa huko sokoni kuna nini?" akauliza.

"Nilijua siku ileile," Nsia akasema. "Babu na sokoni wapi na wapi? Ngazi ya mlango tu anashushwa. Nimefanya pepa sita najua."

Mkono wangu ulikuwa kwenye mashine, inatema kopi za kitambulisho, sikuizima. Pepa sita. Kuanzia kesho yake ya simu ile, kwenye bweni la wasichana themanini, analia wapi? Sie hapa tulikuwa na turubai, na sufuria, na watu wa kutushika mabega. Yeye alikuwa na fomula za fizikia. Tulimficha msiba ili asiubebe, akaubeba peke yake.

"Kwa nini hukuniambia unajua?"

Akainua mabega. "Sauti yako ilikuwa imechoka. Nikaona nikisema najua utaanza kulia, na Matroni alikuwa anataka simu yake."

Ndipo nikamwambia lile neno lililonishinda kwako. Nilimwambia, "Nisamehe, mwanangu. Ilikuwa haki yako kumlilia na wenzako." Nilidhani litakuwa zito. Lilitoka tu, kama kopi.

Hakusema amenisamehe. Alizunguka meza, akaja upande wangu, akaizima mashine. Yule mzee alikuwa na kopi ishirini na saba za sura yake. Akampa moja, nyingine akaanza kuzipanga, halafu huku amenipa mgongo akauliza, "Alikuwa analeta nini?"

"Nani?"

"Mama wa Aminieli. Ile ya Babu. Mie nakumbuka chungwa tu."

Nikaanza kumtajia. Shati la shule. Kisu cha penseli. Chungwa kwenye leso. Ndara za bluu, moja kubwa kuliko nyingine kwa sababu muuzaji alikuwa na haraka. Kioo cha mfukoni. Nilipofika kwenye kioo mabega yake yakaanza kutikisika, na kwa nyuma sikuweza kujua ni kicheko au ni kilio. Nikaendelea kutaja. Mzee wa kitambulisho naye hakuondoka. Alikuwa ameegemea kaunta anasikiliza, kama mie kwenye ndoo.

Hajawa sawa, nisikudanganye. Jana alinijibu neno moja pale ninapohitaji matano. Lakini jana hiyohiyo aliniuliza ulikula nini siku ya mwisho. Nikaanza kusema ulikula vizuri. Nikajizuia, nikamwambia ukweli: vijiko viwili vya uji, cha tatu ulikitema, ukaniomba betri za redio, nikakwambia kesho. Halafu akasema, "Afadhali."

Sasa ahadi zangu, Baba, na nimeziandika ili nisije nikazizungusha.

Krismasi tunapanda Marangu. Nsia atakaa pale kaburini muda anaotaka, na hakuna atakayemwambia jikaze wala basi inatosha. Nimeshamwambia Shangazi. Amenuna, atazoea. Lolote atakaloniuliza nitamjibu kwa mpangilio wake yeye, siyo wa kikao. Betri ninazo mfukoni, nne, nitakuletea ingawa najua huzihitaji tena.

Sura zako zile kumi na nne, ambazo hazimo kwenye kitabu chochote duniani, nazichapa dukani mchana wateja wakipungua. Nsia ananikosoa. Hesabu nimeiacha ilivyo.

Kuhusu besi, nilitaka kuifuta kwenye nakala inayobaki nyumbani. Nsia, ambaye siku hizi hata chumvi akiambiwa imetosha anaonja, amesema niiache. Sijamwelewa, nimemtii.

Na lile la kliniki. Jibu langu hili hapa, limechelewa kama foleni ya soko lako: mimi nilikuwa na miaka tisa, Baba, na kwa Jumapili kumi na nne kuna mama mmoja aliyekuwa anafikisha vitu nyumbani. Ahsante.

Namba yako wameshaita. Nenda tu, usiniangalie. Mie nimebaki hapa kwenye benchi, na mtoto amekaa pembeni yangu. Ameacha nafasi katikati, lakini amekaa.

Mwanao wa Mtoni